Shangazi, Benedict yangu ilitoka kijani na baba anataka kulipa laki saba

Shikamoo Shangazi,

Naomba jina langu usiliandike. Baba si mtu wa simu, lakini mjomba anasoma, na safu yako huwa anaisoma kwa sauti barazani.

Nina miaka 18. Nimemaliza kidato cha nne mwezi huu wa Novemba, shule ya kata huku Tandahimba. Baiolojia ya nadharia ilikuwa ngumu, tukatoka wote tumenyong'onyea, hakuna wa kumcheka mwenzake. Swali la urithi lilinila muda, insha ya mwisho nikaiandika mbio mbio. Lakini kilichonimaliza kabisa ni karatasi ya vitendo.

Tulipewa kimiminika, tukaambiwa tupime kina vyakula gani. Iodini haikubadilika, nikaandika wanga haupo. Kipimo cha protini kilitoka zambarau safi. Nilipochemsha na Benedict, ile kemikali ya bluu ya kupimia sukari, testityubu yangu ikawa kijani. Siyo ile rangi ya matofali tuliyoizoea kwenye mazoezi, ila bluu nayo haikuwa tena. Niliinyanyua kwenye mwanga wa dirisha, nikaiangalia mpaka msimamizi akaniambia, "Binti, endelea." Nikaandika kijani, nikaandika sukari ipo kidogo.

Wakati tunatoka, rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja tangu kidato cha kwanza aliniambia kimya kimya kwamba na yake ilikuwa kijani. Tukafika chini ya mwembe, tukawakuta wenzetu wamemzunguka kijana mmoja tunayemwita Profesa. Anasema sukari haipo, itatokea tu ukitia asidi kwanza halafu uipoze na ile sodiamu, aliyeandika ipo kwenye kipimo cha kwanza kaliwa. Nikasema yangu ilibadilika. Wakacheka. Nikamgeukia rafiki yangu aniunge mkono, akasema, "Mimi niliandika haipo." Shangazi, sikuwa na nguvu ya kubishana tena.

Usiku nikaingia kwenye kundi la WhatsApp kwa simu ya dada. Humo kuna wa kwetu, wa Newala na wa Masasi. Kumbe ndiyo nikajimaliza. Wengine wanasema wanga ulikuwepo, tena bluu nyeusi kabisa. Wa Masasi wanabishana habari za samaki na mjusi, yupi ana magamba ya namna gani, na mimi hata sikumbuki kuviona hivyo vitu. Nadhani nilichanganyikiwa nikaruka swali zima. Profesa alinipigia hesabu, akasema Baiolojia nitapata D, na hiyo ni kwa bahati.

Sasa shida yenyewe. Hela ya mnada wa korosho imeingia benki. Baba ameshaamua laki saba ni za kunipeleka Mtwara mjini nikasome pri-fomu faivu, yaani maandalizi ya kidato cha tano, masomo ya PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), nikae kwa ndugu yetu Chikongola. Kituo kinataka hela yote kabla ya katikati ya Desemba na wamesema ikishalipwa hairudi. Mama alikuwa anazitaka hela hizo hizo za bati, nyumba inavuja na mvua ndiyo hizi. Alisema tusubiri matokeo, baba akamwambia anamrudisha mtoto nyuma. Tangu siku hiyo hawaongei vizuri. Kwenye bao baba ananiita "daktari wangu" mbele ya watu, na wao wanaitikia.

Kaka yangu alipata sifuri miaka miwili iliyopita. Baba hakusema neno. Alishika panga akaenda shamba, akarudi usiku. Naogopa siku ile isije ikajirudia.

Naokota korosho na mama kila asubuhi, nakwanyua mabibo, mama anapiga stori mimi simsikii. Nimwambie baba kwamba nimefeli asitupe hela yake? Au ninyamaze, nilipiwe, halafu Januari tuone? Nikisema namvunja. Nikinyamaza namla hela.

Binti wa Tandahimba

*

Marahaba mwanangu.

Pole kwa mtihani, na pole zaidi kwa siku zilizofuata baada yake, maana naona hizo ndizo zilizokuchosha. Nikikusoma vizuri, mambo mawili yamefungwa kamba moja. Kuna hofu kwamba Baiolojia imekwenda vibaya. Na kuna hela ya nyumba nzima ambayo inatakiwa iamuliwe kabla hiyo hofu haijathibitishwa wala kukanushwa na yeyote. Uliyempa kazi ya kuthibitisha ni Profesa. Naomba tumpumzishe kidogo, na tuanze na wale wa Masasi.

Hukuruka swali, binti yangu, au tuseme ulichonieleza hakioneshi kwamba uliruka. Baiolojia ya vitendo kidato cha nne haiji karatasi moja kwa nchi nzima. Huja kwa matoleo, juu yameandikwa 2A, 2B, 2C, na kila shule hufanya toleo ililopangiwa. Wenzako wa Masasi wanaobishana juu ya mjusi huenda walikuwa na mjusi kweli mezani, na wewe hukuwa naye. Aliyeona wanga wa bluu nyeusi huenda alipewa kimiminika kingine kabisa. Kabla hujalinganisha jibu na mtu, muulize karatasi yake iliandikwaje juu. Ni swali dogo, na naona kundi zima limelisahau. Sishangai, watu wakitoka kwenye mtihani mgumu wanakuwa kama waliotoka ajalini, kila mmoja anaeleza kwa sauti na hakuna anayesikiliza.

Tuje kwenye testityubu yako. Nilimuuliza mwalimu mmoja wa Baiolojia ninayemfahamu, mtu wa maabara miaka mingi. Hakunipa jibu la ndiyo au hapana, na nilimheshimu kwa hilo. Alisema Benedict ikichemshwa na ile sukari mnayoiita redyusingi hutoka kwenye bluu, ikapita kijani, njano, machungwa, mpaka nyekundu ya matofali, kutegemea sukari ni kiasi gani. Kijani inaweza kuwa sukari ndogo kabisa, kama ulivyoandika. Lakini akasema pia kwamba kimiminika chenyewe kikiwa na umanjano, ukikichanganya na bluu ya Benedict unaweza kuona ukijani hata kama hakuna kilichotokea, na hapo unaangalia kama kuna chembe zinazotuama chini. Halafu kuna aliyechemsha dakika moja na aliyechemsha tano, kuna testityubu iliyooshwa vizuri na iliyooshwa kwa haraka. Kwa hiyo Profesa anaweza kuwa sahihi kwa alichokiona yeye. Wewe nawe uliandika ulichokiona wewe. Nani kati yenu amepata, hapa nilipokaa siwezi kujua, na chini ya mwembe hawajui pia.

Ninachoweza kukuambia ni namna hesabu yake ilivyo na kasoro. Karatasi ya vitendo ina maswali mawili, alama 25 kila moja. Hilo la vyakula halihesabiwi kwa neno "ipo" au "haipo" peke yake. Kuna alama za kile unachokipima, za hatua ulizofuata, za ulichokiona, za hitimisho, na za vile vipengele vya chini vinavyouliza chakula hicho kinameng'enywa wapi na kwa kimeng'enya gani. Mtu anaweza kukosa hitimisho moja akabaki na sehemu kubwa ya swali. Juu ya hapo kuna nadharia, na kuna alama za upimaji endelevu, yaani za kazi na mitihani ya shuleni, ambazo mtahiniwa wa shule huwa nazo kabla hata hajaingia chumba cha mtihani. Profesa alizipata wapi zote hizo akazijumlisha? Kwa kidato cha nne C huanzia alama 45 na D huanzia 30. Kati ya hizo mbili pana nafasi kubwa, na yeye amekuweka upande mmoja kwa testityubu moja.

Sikuambii umefaulu. Umesema mwenyewe swali la urithi lilikula muda na insha uliikimbiza, na hilo nalichukulia kwa uzito kuliko yote yaliyosemwa nje, kwa sababu hilo ulilishuhudia wewe. Inawezekana Baiolojia haikukaa vizuri. Ila "sina uhakika na Baiolojia" na "nimefeli" ni habari mbili tofauti, na wewe unataka kumpelekea baba ile ya pili.

Halafu rafiki yako. Baada ya mtihani kila mtu huwa na karatasi mbili, aliyoikabidhi kwa msimamizi na anayoisimulia nje. Sijui yake ya kweli ni ipi. Huenda alikudanganya mlipokuwa mnatoka, huenda aliwadanganya wale wa mwembeni kwa kuogopa kuchekwa pamoja nawe. Nakuomba tu usimhesabu kama shahidi dhidi yako. Urafiki wenu mtaamua wenyewe, una umri wa miaka minne na haujanihusu.

Sasa baba.

Ukimwambia leo kwamba umefeli, unaokoa laki saba, hilo sipingi, na mama anapata bati zake kabla mvua haijakolea. Lakini utakuwa umemthibitishia jambo ambalo huna. Matokeo ya mwaka 2023 yalitangazwa Januari 25, 2024, na ya mwaka 2024 yalitangazwa Januari 23, 2025. Tuseme na ya kwenu yanatoka kipindi hicho hicho, na Baiolojia inasoma B. Baba atakumbuka kwamba ulimtoa kwenye njia kwa maneno ya vijana wenzako. Na wewe je, miezi miwili uliyojiita aliyefeli itakuwa imekufanya nini?

Ukinyamaza, hela inalipwa na hairudi. Utakaa Chikongola ukisoma Baiolojia ya mbele huku moyo uko kwenye Baiolojia ya nyuma. Wapo wanaoweza, tena kuna wanaosema kusoma ndiko kulikowatuliza. Kinachonisumbua kwenye kunyamaza siyo hela hasa. Ni kwamba mama yako anapigania hoja ya kusubiri matokeo peke yake, anaambiwa anamrudisha mtoto nyuma, na mtoto mwenyewe yupo pembeni anakwanyua mabibo na sababu anayo mdomoni. Umefikiria kumwambia mama kwanza? Asubuhi mko wawili tu shambani. Hatari yake ni kwamba ataibeba habari yako na kuitumia kwenye ugomvi wao, kwa nia njema tu, na baba akajiona amezungukwa. Ukimwambia, mwambie pia kama unaruhusu aifikishe au la.

Kuna maneno ya katikati. "Baba, nadharia ilinibana muda na vitendo sina hakika navyo. Sijui nimepata nini mpaka Januari. Naomba tuongee juu ya tarehe ya kulipa." Hapo humwambii umefeli wala humfichi, na mazungumzo yanahama kutoka kwenye kichwa chako kwenda kwenye tarehe. Yana hatari yake pia. Mzazi mwenye hamu anaweza kusikia "sina hakika" akaelewa "mvivu", au akakujibu kwamba ndiyo sababu zaidi ya kwenda kusoma. Utakuwa na la kusema akijibu hivyo? Maana si jibu la kijinga.

Kwa kuwa wewe ni mtu wa huku, nikukumbushe kitu unachokijua. Kwetu kusini mjomba ana kauli kwenye mambo ya watoto wa dada yake, na huyu wako naona hata kusoma anasoma. Yeye anaweza kuliweka jambo mbele ya baba bila lionekane ni la mama wala la mtoto. Lakini ukipita kwa mjomba, baba anaweza kuumia kwamba alikuwa wa mwisho kujua ndani ya nyumba yake. Wewe unamjua baba yako, mimi nimemjua kwa barua.

Na hapo ndipo nataka kukuuliza juu ya siku ya kaka yako. Uliona baba anashika panga, anakwenda shamba, anarudi usiku. Umeisoma siku ile kama hasira. Inawezekana. Lakini kuna wanaume ambao hawana mahali pa kupeleka huzuni isipokuwa shambani, kwa sababu nyumbani wote wanawaangalia. Kaka yako amewahi kukuambia baba alimwambia nini baadaye, wakiwa wawili? Muulize. Jibu lake linaweza kukufaa kuliko langu.

Jambo jingine, na hili nalisema taratibu. Barua yako nimeirudia nikitafuta mahali uliposema wewe unautaka udaktari, sikupaona. Baba anautaka, watu wa bao wanauitikia. Pengine unautaka sana mpaka hukuona haja ya kuuandika. Pengine hujawahi kuulizwa. Sehemu pekee niliyokuona wewe mwenyewe ni pale dirishani na testityubu mkononi, unaangalia rangi mpaka msimamizi anakuhimiza. Kilichokushika pale kilikuwa hofu ya alama, au ulitaka kweli kujua mle ndani kuna nini? Sikusukumi kwenye jibu lolote. Ila kama laki saba zinakwenda kununua njia, ni vizuri mwenye kuipita aseme neno.

Na ikija D? PCB ya kidato cha tano itakuwa ngumu kuipata, maana huko wanatafuta C kwenda juu. Lakini D ni ufaulu. Vyuo vya afya vya ngazi ya kati, vinavyotoa stashahada za utabibu na uuguzi, hupokea waliofaulu kwa D masomo ya sayansi, Baiolojia ikiwemo, na wengi wanaokuandikia dawa kwenye zahanati zetu wamepita huko. Pia unaweza kurudia somo kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kila njia ina gharama na kila moja ina miaka yake. Na ukichaguliwa kidato cha tano shule ya serikali, ada iliondolewa kuanzia mwaka wa masomo 2022/23, lakini nauli, godoro, sare na tranka ni vya mzazi. Kwa hiyo hata kwenye habari njema, Juni na Julai baba atahitaji hela mkononi. Sijui kama hilo limeshatajwa kwenye mabishano ya bati na masomo. Laki saba zikienda zote Desemba, za Julai zitatoka wapi, na korosho nyingine ni Oktoba?

Kabla hujazungumza na yeyote kati yao, kama unaweza, azima simu ya dada upige kile kituo. Wengi huendelea kupokea wanafunzi hata baada ya matokeo, wengine hawapokei. Uliza wao siku ya mwisho ya kujiunga ni lini, anayeanza mwishoni mwa Januari analipa kiasi gani, na kama wanapokea nusu kwanza. Huenda watakuambia nafasi zimejaa, huenda utaanza nyuma ya wenzako kwa wiki kadhaa, hiyo nayo uiweke kwenye mizani. Majibu yao yaandike kwenye karatasi, kwa sababu namjua mkulima wa korosho, kitu cha kwanza atakachouliza ni bei na tarehe.

Mjomba akiisoma hii kwa sauti barazani, mabinti wa Tandahimba waliomaliza mwaka huu ni wengi. Niandikie tena kituo kikishakujibu.